Pembe ya Tabaka la Kijivu

3 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba lile goti limepatana na ngazi za nyumba. Mimi mzima, ila maabara hii ina baridi ya kuhifadhia nyama. Wenzangu wanacheka nikivaa glavu za sufi mbele ya hadubini. Waache wacheke, vidole ni vyangu.

Naandika kwa kalamu kwa sababu ulisema simu zangu zina haraka, kila mara kuna mtu ananiita. Leo haniiti mtu.

Mama, nina ombi. Profesa wetu anachora ramani ya bahari ya kale, ile iliyokuwepo kabla milima yenu haijawa milima. Ukutani ameibandika kubwa kama shuka. Palipokuwa na bahari amepaka buluu, palipokuwa na nchi kavu amepaka kahawia, na katikati pamebaki pengo jeupe ambalo hakuna anayejua alipake nini. Pengo lile ni kwetu. Ni korongo la nyuma ya shule yako. Hakuna mtu aliyewahi kuleta hata gamba moja kutoka pale kwa utaratibu unaokubalika.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwamba hauna tarehe usoni, tarehe tunaisoma kwa waliokufa ndani yake. Tukimpata Bwana Pembe kwenye lile tabaka la kijivu, tutakuwa tumepata mambo mawili kwa mpigo. (Hapa wanamwita amonaiti, kisukuku cha mnyama wa baharini aliyegeuka jiwe, lakini mimi nikimwona na mkunjo wake wa pembe ya kondoo dume, jina ni lile lile ulilompa wewe.) Tutajua umri wa tabaka, kwa sababu kila aina yake iliishi kitambo tu kisha ikatoweka, na ilienea kila mahali. Na tutajua kuwa bahari ilifika, kwa sababu hakukaa popote isipokuwa maji ya chumvi.

Nauli ya kundi zima haitoki bila ushahidi wa kwanza. Nani anayelijua korongo lile kuliko wewe? Bwana Pembe akipatikana, Profesa atafungua kazi ya kuchimba pale, na msimamizi nitakuwa mimi. Nitalala chumbani kwangu, Mama. Utanichoka.

Mwanao,
Kokoto


20 Februari

Kokoto wangu,

Marahaba, mwanangu. Sisi hapa tu wazima, yaani mimi na goti, maana siku hizi tunahesabiwa wawili. Wewe vipi? Umekonda? Usinidanganye, glavu hazifichi shingo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikaenda stoo kutafuta nyundo. Watu walionizoea na chaki sasa wananiona napita na nyundo, tindo na kikapu, na hakuna anayeuliza kwa adabu. Jirani yetu anajenga, na fundi wake ni mtu wa maneno. Ameniuliza, "Mwalimu, umefukuzwa kwenye ustaafu?" Nikamwambia naenda kuuliza mawe yana umri gani. Akasema jiwe lina umri gani, jiwe ni jiwe. Nikamuuliza, ukiona picha ya kijana kavaa bugaluu, zile suruali za kufagia barabara, utaniambia ilipigwa lini? Akacheka, akataja miaka ile bila kufikiri. Nikamwambia basi, kuna konokono wa baharini ambao ni bugaluu ya dunia, walitamba kidogo wakapitwa na wakati. Ukimkuta mmoja amelala ndani ya mwamba, huulizi mwaka. Akaacha mwiko, akaniangalia. Nadhani kanielewa, au kanihurumia.

Nimepanda mara kadhaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama ndiko kunakoniua, lakini nimeinama. Kwenye tabaka la kijivu nimepata vikonokono wadogo kama punje za mtama, wengi. Bwana Pembe bado hajanipokea. Nimefuata sheria yetu, usije ukafikiri uzee umenipora. Sikuokota kilicholala chini, maana kilicholala chini kinaweza kuwa kimeporomoka kutoka kokote. Nimeng'oa kilichokaa, kwa mkono wangu. Wala sikuosha. Jiwe lililooshwa ni shahidi aliyenyamazishwa. Kila kimoja nimekifunga na tope lake kwenye karatasi.

Chumba chako nimekitoa masanduku. Dirisha lililokuwa halifungi, yule fundi amelirekebisha kwa kikombe cha chai na maswali mengi. Sasa linafunga.

Mama yako


15 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Kifurushi kimefika, na nimefurahi mpaka nikambusu karani wa posta, ambaye hakufurahi.

Vikonokono nimewaona. Ni wazuri, umewafunga vizuri, lakini hawatusaidii. Hawa ni kama mtu aliyevaa kanzu ile ile tangu ujana mpaka kaburini, ukimwona kwenye picha hujui ni ya mwaka gani. Tena Profesa anasema jamaa zao wengine wanaishi maji baridi, ya mito na maziwa. Hatuwezi kupaka buluu kwa ajili yao.

Tunamhitaji Bwana Pembe, Mama. Hata nusu yake. Hata kipande chenye mkunjo.

Mwenzangu mmoja wa maabara anapita huko kwenu mwezi ujao kwa shughuli zake. Tunamwita Mrefu, utaona mwenyewe kwa nini, mfungulie mlango wote. Mpe kikapu cha pili. Ni mtu mwema, mchangamfu, ila anapenda kuongea.

Chumba changu usikibadilishe sana. Nataka nikikute kama nilivyokiacha.

Mwanao,
Kokoto


9 Aprili

Kokoto,

Marahaba. Sijambo.

Mrefu amefika. Kweli ni mrefu, aliinama kwenye mlango wa sebule kama anayeingia handaki. Nilimpa chai na mkate, akala vizuri. Kikapu cha pili amekichukua, humo mna vikonokono wale wale na jani moja lililogeuka jiwe, zuri sana.

Tulizungumza mengi. Ulisema kweli, anapenda kuongea.

Mwanangu, huna jambo la kuniambia? Nakuuliza tu, kama mama anavyomuuliza mwanawe.

Mvua imenyesha, njia ya korongoni ina utelezi. Sijapanda tangu alipoondoka.

Mama yako


2 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikaigeuza nyuma kutafuta nyingine. Unaumwa? Kama ni goti niambie, usinifiche.

Unaniuliza kama nina jambo la kukuambia. Sina, Mama, ni kazi tu. Naamka kazi, nalala kazi. Labda jambo ni hili, kwamba Profesa anafunga ramani mwishoni mwa Juni. Ikifungwa na pengo jeupe, imefungwa, na kuja kwangu nyumbani kutakuwa kumekwenda na maji. Najua kuna utelezi. Najua nakuomba kitu kikubwa. Lakini nikifikiria chumba changu na wewe ukigonga ukuta kuniamsha, nashindwa kutokuomba.

Panda mara moja tena, kwa ajili yangu. Pale chini ya mwamba unaojitokeza, tulipokuwa tukijificha jua, tabaka ni nene zaidi.

Mwanao anayekutegemea,
Kokoto


28 Mei

Kokoto,

Salamu. Hali yangu ni ya kawaida.

Ninakutumia Bwana Pembe. Mzima, mkubwa kama kiganja, mikunjo yote ipo. Kwenye karatasi nimeandika: tabaka la kijivu, chini ya mwamba unaojitokeza, kwa mkono wangu.

Nimemsugua kwa mswaki na sabuni mpaka anang'aa kama sahani ya mgeni.

Usiandike neno lolote juu yake kabla hujaja kupaona mahali alipotoka. Hiyo ndiyo kazi yetu, jiwe na mahali pake. Njoo, hata kwa siku chache. Njoo uone, kisha uandike.

Mama yako


20 Juni

Mama! Mama yangu!

Shikamoo elfu. Nilifungua kile kifurushi katikati ya maabara nikapiga kelele, watu wakadhani nimejikata. Profesa alimshika kwa mikono miwili kama kitoto kichanga. Aina yake tumeitambua siku ile ile, inajulikana, umri wake unajulikana. Kisha alikwenda ukutani na brashi, mbele ya watu wote, akapaka pengo letu buluu. Bahari imefika kwetu, Mama. Imefika mpaka mlangoni kwako, ungekuwa unafua miguu ikiwa majini.

Ramani imekwenda kuchapishwa, na kwenye orodha ya walioitengeneza jina langu ni la tatu. Nililia kidogo chooni.

Najua ulisema nije kwanza. Ningekuja, lakini ningekuja vipi na Juni ndiyo hiyo inakwisha? Safari tungeipanga lini? Halafu nilijiambia, naenda kuhakikisha nini? Ni mama yangu ndiye aliyemng'oa. Neno lako kwangu ni zaidi ya macho yangu. Profesa aliuliza nani amethibitisha mahali, nikamwambia mimi, kwa sababu wewe na mimi ni kitu kimoja.

Nitakuja baadaye kidogo, mambo yakitulia. Ulimsafisha mno lakini, nimecheka. Umeanza kusahau sheria zako mwenyewe, Mwalimu.

Mwanao mwenye furaha,
Kokoto


17 Agosti

Mama,

Nimekuandikia mara mbili mwezi wa Julai na hujajibu. Nilipiga simu kwa jirani, akasema u mzima, unamwagilia maua. Basi nitaandika hili huku nikijua linasomwa na mtu mzima mwenye afya.

Maabara nyingine iliomba tumkate Bwana Pembe kwa msumeno wa mawe ili waone vyumba vyake vya ndani. Ni kawaida, kila kisukuku kikubwa hukatwa. Nilimkata mwenyewe. Unajua kilichokuwa ndani? Unajua, Mama, kwa hiyo sijui kwa nini nauliza.

Ndani mlikuwa na mchanga wa manjano, wa chokaa, wa chembe kubwa. Tabaka la kijivu ni tope laini, halina hata chembe moja ya mchanga ule. Mnyama hufa, hushuka chini, na kinachomjaza ni matope ya pale alipozikwa. Huwezi kuzikwa kwenye tope ukajazwa mchanga wa kwingine. Yule hakutoka korongoni. Hajawahi kulala korongoni hata siku moja.

Nilikaa kando ya msumeno mpaka mlinzi akaja kufunga milango.

Kwanza nilisema umekosea. Nikasema goti, uzee, umechanganya karatasi. Kisha nikakumbuka umeandika "kwa mkono wangu", na wewe huwa huandiki maneno hayo ovyo. Ulikuwa unanichapa kiganja nikiokota gamba lililolegea na kusema nimeling'oa. Nilikuwa mdogo sana, nikilia, na wewe ukisema uongo wa jiwe ni mbaya kuliko wa mtu, kwa sababu jiwe haliwezi kujitetea. Na wewe ukanitumia mimi jiwe la uongo. Mimi, mwanao.

Ramani imekwishatoka, iko mezani kwa watu ambao sitawahi kuwaona. Wote wanaona bahari mahali ambapo hatujui palikuwa na nini, na jina langu liko chini yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Sikujua nguo yenyewe ni kanga ya mama.

Niambie kwa nini. Usinipe habari za maua wala za fundi. Niambie kwa nini tu.

Kokoto


5 Septemba

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini. Kaa chini.

Mrefu alipokuja mwezi wa Aprili, alikula mkate wangu, akanywa chai, akafuta mdomo, akasema, "Mama, hongera sana, si kila mzazi ana bahati hii." Nikauliza bahati gani. Akasema kazi ya binti yako, ile ya ng'ambo, ya miaka mitano, anaanza Januari. Nikatabasamu kama ninayejua. Akaendelea, maskini, hana ubaya. Akasema ulisaini kabla ya mwaka mpya, mkakata keki maabara. Akasema korongo likifunguliwa, atakayekuja kulichimba ni yeye Mrefu, na akaniuliza kama kuna nyumba ya kupanga karibu na shule.

Barua yako ya kwanza ni ya Februari. Februari, Kokoto. "Nitalala chumbani kwangu, utanichoka." Ulikuwa umekwishasaini. Ulijua kwamba hutalala chumba kile, ukaniambia kitoe masanduku. Hukuniambia hivyo, lakini ulijua nitakitoa. Nilipanda lile korongo nimeshika mizizi, goti likilia, nikijiambia kila hatua inamvuta mwanangu nyumbani. Fundi wa watu amenitengenezea dirisha la mtu asiyekuja. Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikageuza shavu la pili nipakwe na huko.

Hata hivyo nilikupa nafasi. Nilikuuliza, huna jambo la kuniambia? Ukajibu huna, kisha ukanituma tena kwenye utelezi.

Sasa habari za jiwe. Kwa jirani hapa malori yalimwaga mawe ya msingi, mawe ya chokaa kutoka mbali huko tambarare. Fundi alipasua moja, Bwana Pembe huyo katokeza kichwa. Aliniita nije kuangalia bugaluu. Nilikaa nalo mezani kwa muda nikilitazama, hasira imenijaa mpaka kwenye vidole. Nikasema, sawa. Nikaandika ile karatasi. Uongo ule niliuandika kwa hati yangu nzuri ya ubaoni.

Lakini sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Sikutaka uamini. Nilimsugua kwa makusudi. Kati ya watu wote duniani, wewe ndiye unayejua kwamba mimi siwezi kuosha kisukuku, kama nisivyoweza kuosha kitabu. Nikasema atakiona kinang'aa, moyo utamshtuka, atasema hapa pana jambo. Nikakuandikia usiandike neno kabla hujaja. Hakuna mtaalamu anayepaka rangi kwenye ramani mahali asipopaona, hata mtoto wa darasa la sita niliyemfundisha mimi hawezi. Nikajua utakuja, ukiwa na shaka au ukiwa na furaha, lakini lazima utakuja. Ungefika, ningekupeleka korongoni ungeona tabaka halina kitu, ungenigeukia, na pale pale tungeambiana ukweli uso kwa uso, wako na wangu. Ungegomba, ningegomba, tungerudi nyumbani tukala. Ndiyo hesabu niliyoipiga.

Nilitegemea hutaniamini. Na wewe ukaniamini, mara hii moja tu, ili usilazimike kuja. Ukamwambia Profesa wako umethibitisha mahali ambapo hujakanyaga. Neno langu ni zaidi ya macho yako! Mwanangu, neno langu lilikuwa linakuambia uje utumie macho yako.

Nimekukosea. Jiwe la uongo ni jiwe la uongo, na mchimba kisima huingia mwenyewe. Sitakwepa. Andika urekebishe, na andika kama ilivyokuwa. Sema mama yangu, mwalimu wangu wa kwanza wa kazi hii, alinitega kwa jiwe la kwingine, na mimi sikwenda kutazama. Nitaje. Aibu yangu nitaibeba mwenyewe mtaani na kichwa juu, nimebeba mizito zaidi. Ninachokuomba ni hicho tu, kwamba safari hii kisemwe kilichotokea.

Mama yako


1 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nilianza barua hii mara nyingi na kuichana.

Ni kweli nilisaini. Ilikuwa Desemba. Kazi ile ni kubwa kuliko chochote nilichowahi kukiota, lakini walitaka niende na kitu mkononi, na kitu chenyewe kilikuwa sehemu yangu ya ile ramani. Bila pengo lile kujazwa wangeweza kunibadilisha na mwingine. Ningekuambia wazi, usingepanda. Au ungepanda huku unalia, na hilo nisingeliweza. Kwa hiyo nikasema kitu ambacho sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inakitaka kweli. Nilikuwa nakitaka, Mama, naomba hilo uliamini hata kama mengine huyaamini. Nilidhani bahari ikishapatikana ungefurahi, na katika furaha ile ningekuambia habari za Januari. Niliandika barua ile ya Juni nikiwa na sentensi hiyo kwenye kalamu, ikanikwama.

Na wewe pia umeniumiza. Siwezi kujifanya hujaniumiza. Kila nikishika nyundo naona ile karatasi yako. Mtu mwingine akinidanganya, nitamwuliza mama yangu kama ni kweli. Wewe ukinidanganya, nimwulize nani?

Nimemwambia Profesa kwamba jiwe halikutoka korongoni. Alikasirika, lakini kwa upole, na huo ndio mbaya zaidi. Marekebisho yamechapishwa wiki hii, nimekuwekea ukurasa. Pengo limerudi kuwa jeupe. Kazi ya Januari haijaguswa, wamekubali kwamba kosa halikuwa langu.

Maneno ya ukurasa ule yaliandikwa na Profesa, mimi nilisaini tu. Ukiyasoma usiyachukulie vibaya, ni lugha ya kazi, ndivyo yanavyoandikwa siku zote. Sikuweza kueleza habari zetu za nyumbani mbele ya watu, Mama. Wangeuliza kwa nini sikuja kutazama, kisha wangeuliza mengine, na Januari yote ingeanguka. Utanielewa. Wewe huwa unanielewa.

Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Mwanao,
Kokoto


12 Novemba

Kwa Mtaalamu wa Visukuku,

Salamu. Barua yako ya tarehe moja Oktoba imefika pamoja na ukurasa uliowekwa ndani.

Ukurasa nimeusoma. Nimemsomea pia fundi wa jirani, ambaye ameshamaliza kuezeka, kwa kuwa jiwe lilikuwa lake na nilimwambia nitamjulisha lilipoishia. Umeandikwa hivi: "Sampuli ililetwa na mkusanyaji asiye na mafunzo, na kwa kosa lake mahali ilipotoka paliandikwa isivyo sahihi." Chini kuna saini yako. Fundi aliniomba nirudie. Kisha akauliza, "Mkusanyaji ndiyo nani?" Nikamwambia ni mtu mmoja hivi wa huku kwetu.

Imeniuma, sitasema vinginevyo. Uongo wako wa Februari niliuelewa, maana ulitoka kwa mtoto aliyeogopa. Ulipokasirika Agosti nilikubali, ilikuwa haki yako. Lakini huu wa sasa uliuandika ukijua yote, baada ya kuambiwa yote, na nilikuwa nimekuomba kitu kimoja tu. Nilikuwa tayari kuitwa mwongo. Ningeitwa mwongo na wewe, kwa jina langu, ningenyamaza. Hukuniita mwongo. Umesema sikuwa na wa kunifundisha, na kwamba mimi si wa kwako.

Mrefu amekuja kama alivyosema, amepanga nyumba ng'ambo ya uwanja wa shule. Aliniomba nimwonyeshe njia ya korongoni, nikamwambia atafute mwenye mafunzo. Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Juzi alipita kunisalimia, akasema wale vikonokono wadogo ni wa maji baridi kabisa, na lile jani la jiwe ni la mti wa ukingoni. Palikuwa na ziwa pale. Bahari ilikuwa mbali na haikufika.

Chumba cha mbele, kile cha dirisha lililorekebishwa, anakaa mwalimu mpya wa jiografia, msichana msikivu, ana kikohozi. Vitu vilivyokuwemo vimo kwenye masanduku na vitatumwa kwenye anwani yoyote utakayoitaja.

Nakutakia safari njema ya Januari. Nasikia huko ni baridi zaidi, kwa hiyo ununue koti kabla ya kusafiri, usingoje kufika. Na ukiletewa jiwe, muulize aliyelileta amelitoa wapi, kisha nenda.

Wako katika kazi,
Mkusanyaji asiye na mafunzo